Moto wa Shingoni

Daktari aliniambia niinamishe kichwa mpaka kidevu kiguse kifua. Nikainamisha. Moto ukashuka kama kawaida yake, kutoka shingoni, ukapita katikati ya mgongo hadi visiginoni, na miguu yangu ikaruka yenyewe juu ya kitanda.

"Asante Yesu," nikasema.

Nilisema kwa mazoea. Karibu mwaka mzima nilikuwa nasema hivyo kila moto ule ulipopita.

Daktari alikuwa mama wa Kizungu, mtaalamu wa mishipa ya fahamu, mgeni aliyekuja Ifakara kwa muda mfupi tu. Kiswahili chake kiliishia kwenye "karibu" na "pole", kwa hiyo nesi Frida ndiye aliyekuwa akitufikishia maneno.

"Anauliza umesikia nini hapo," Frida akasema.

"Mwambie ni Bwana."

Frida akanitazama. "Mama Dorika, nimwambie hivyohivyo?"

"Mwambie."

Akamwambia. Sijui kama alimwambia yote, maana Kiingereza kilikuwa kirefu kuliko maneno yangu. Daktari hakucheka. Aliniomba niinamishe kichwa tena, safari hii akiwa ameweka kiganja chake mgongoni kwangu. Moto ukapita chini ya mkono wake. Akaniomba tena. Ukapita tena. Kisha akarudi kwenye kiti na uso wa mtu aliyeuona ufunguo wake uliokuwa umepotea, na alipouona uso wangu mimi, akaificha ile furaha haraka.

"Anauliza, je, kabla ya haya, hujawahi kupoteza macho? Jicho moja tu, halafu likarudi?"

Nikanyanyuka nikakaa. Hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale hospitalini. Lilikuwa ushuhuda wangu. Msimu wa mavuno wa mwaka juzi, mwaka tisini na nne, jicho langu la kulia lilianza kuuma nilipoligeuza, kisha likajaa moshi mpaka nikawa sioni nalo hata mkono wangu. Jumuiya yetu ya Mtakatifu Anna walikuja kuniombea kila jioni. Baada ya wiki kadhaa moshi ukaondoka. Nilisimama kanisani nikasimulia, watu wakalia. Na moto wa shingoni ulipoanza, hakuna aliyejiuliza umetoka wapi. Mungu aliyenirudishia jicho alikuwa amerudi kunitembelea.

"Ndiyo," nikasema. "Lilipona."

Frida alinifafanulia polepole, akisimama kila mara kumsikiliza daktari. Ugonjwa una jina refu la kigeni, multipo sklerosisi. Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za umeme, na kila waya una mpira wake. Ndani ya mwili kuna walinzi wa kupambana na vijidudu. Kwangu mimi walinzi hao wamekosea, wanaushambulia mpira wa nyaya zangu mwenyewe. Palipochubuka shingoni, nikiinama, ndipo umeme unaporuka. Jicho ni huohuo. Ganzi ya mguu wa kushoto ni huohuo. Hapa hakuna mashine ya kumwonyesha ndani ya kichwa, lakini maji waliyonitoa kwenye uti wa mgongo na dalili zangu zote zinasema jambo moja.

"Ugonjwa huu utapona?" nikauliza.

"Huu hauponi, mama. Unakuja, unaondoka. Siku nyingine unaondoka na kuacha kitu. Anasema usikae kwenye joto kali. Mwili ukipata joto sana, miguu itakuacha, jicho litafifia. Ukipoa vitarudi. Na upumzike."

"Ifakara hii nisikae kwenye joto?"

Frida hakuitafsiri hiyo.

Nilikuwa na swali moja tu lililobaki na sikuweza kulitoa. Nilitaka kuuliza kama inawezekana yakawa yote mawili, ugonjwa na Bwana. Lakini nilimwona daktari akiandika, nikajua atasema nini.

Mume wangu Eustaki alikuwa akinisubiri nje na baiskeli. Nilipanda kwenye keria nikamweleza yote njiani, nikiongea na mgongo wake. Tulikuwa tunakaribia kwetu Lipangalala.

"Na wagonjwa wengine wa hivyo wako wapi?" akauliza.

"Anasema hapa kwetu hajaona mwingine. Kwao Ulaya ndiko wako wengi."

"Basi wewe mwanamke umekwenda Ulaya kuchukua ugonjwa bila kuniaga."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikalishika shati lake kwa mikono yote miwili, halafu kicheko kikageuka, naye akaendelea kuendesha tu, akikwepa madimbwi.

Kuanzia siku hiyo sikuweza kukaa. Daktari alisema nipumzike, na kila nilipokalia kigoda nilihisi kigoda kinanisukuma. Nilisugua masufuria kwa mchanga, hata yale yaliyokuwa safi. Nilihamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule, na kesho yake nikakirudisha. Usiku nilijigeuza mpaka Eustaki akahamia kwenye mkeka. Nilikwenda kwenye darasa la watu wazima pale shule ya msingi, ninakosoma jioni kwa sababu utotoni niliishia darasa la nne. Nikakaa kwenye dawati la watoto, nikainama kuandika hesabu, na moto ukapita.

Hilo nalo lilikuwa la zamani. Moto ulinijia darasani mara nyingi, kwenye kugawanya na kuzidisha. Niliwahi kumwambia Eustaki kwamba Mungu wetu si mchaguzi, anakuja hata kwenye hesabu. Alisema labda anakuja kusahihisha. Tulicheka wakati ule. Moto ulinijia nikifua, nikifagia uani, nikiinama kukata mpunga kwa mundu. Na kila mara nilikuwa na maelezo. Anabariki mavuno. Anabariki ua. Sasa nilikaa pale na kalamu yangu, mwalimu anaandika ubaoni, nami najiuliza nilikuwa mjinga wa namna gani. Nikanyanyuka katikati ya somo nikaondoka. Mwalimu akaita, "Konsolata, kulikoni?" Nikamwambia nimeacha maharage jikoni. Hatukuwa na maharage.

Kusali sikuweza kabisa. Nikipiga magoti, kichwa kinainama chenyewe, ndivyo tulivyolelewa, na kikiinama umeme unaruka. Nikawa naogopa kusali kama mtu anayeogopa kushika waya ulio wazi.

Paskalina alikuja katikati ya wiki. Tulikua pamoja upande wa Mahenge, wazazi wetu wakashuka bondeni msimu mmoja kufuata mpunga, na nyumba zetu zimetazamana mpaka leo. Alikaa mlangoni akijishika tumbo. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, na miezi ile damu ilikuwa inamtoka mpaka midomo yake ikageuka rangi ya majivu.

"Konso, Jumamosi jumuiya ni kwangu."

"Najua."

"Na Jumatatu ndiyo wamenipangia kukatwa. Sasa mimi nimeshaamua. Jumamosi utaniwekea mikono. Moto ukija, siendi. Nabaki nyumbani kwangu. Moto usipokuja, basi nitakwenda, na watoto wangu utawalea wewe, maana ugali wa baba yao unaua haraka kuliko kisu."

"Paska, usiseme hivyo."

"Nasema! Febronia alikwenda anatembea, amevaa viatu vyake. Tulirudishiwa viatu."

Febronia alikuwa dada yake. Alipasuliwa huko alikoolewa, na hakuamka.

"Lakini daktari wako anasemaje?" nikauliza.

"Anasema nikikaa na hii damu nitakwisha. Daktari anasema lake. Mimi nasubiri lako." Akanishika goti. "Ulimwekea mikono yule mama wa Mchombe, moto ukaja, akapata mtoto. Mimi siombi mtoto. Naomba nisikatwe tu."

Nilifungua mdomo. Nikamuuliza kama anataka chai.

Alipoondoka nilisimama uani nimeshika kikombe chake. Nilijua kitakachotokea Jumamosi kama ninavyojua jua litachomoza. Nitaweka mikono kwenye tumbo lake, nitainama, na moto utakuja, kwa sababu kila nikiinama unakuja. Watu watasema asante Yesu. Paskalina atabaki nyumbani. Na damu itaendelea.

Ilinipasa kuvuka njia tu nikamwambie. Hatua chache. Lakini nikimwambia yeye, nimejiambia na mimi. Nilikuwa bado sijakubali. Mtu aliyegongewa mlango usiku na kutulia kimya ndani, akitumaini mgongaji ataondoka, ndivyo nilivyokuwa.

Asubuhi yake nikaona trekta linakwenda upande wa Michenga na trela tupu, nikalisimamisha nikapanda. Eustaki alikuwa shambani tangu alfajiri. Mpunga ulikuwa umetoa masuke na punje zilikuwa zinajaa maziwa, na huo ndio wakati wa kuamia, kufukuza ndege kutwa nzima, maana kwelea wakitua wengi shamba linabaki mabua. Eustaki aliponiona akaweka mikono kiunoni.

"Ndiyo kupumzika kwenyewe huku?"

"Nimekuja kukaa. Kwenye dungu mtu anakaa."

"Konsolata, jua hili!"

"Nenda upande wa mtoni. Hapa naamia mimi."

Akaenda, akigeuka kila mara kunitazama. Nikapanda kwenye dungu letu, jukwaa la miti tulilolijenga juu ya mpunga, nikiwa na kombeo, madonge ya udongo na debe la kupiga. Ndege wakaja nikapiga debe. Wakaondoka. Nikabaki peke yangu na bonde lote, milima ya Udzungwa kwa mbali, na hasira.

Nikaamua kumjaribu. Simaanishi Mungu, namaanisha moto. Niliinamisha kichwa nikasema Baba Yetu. Ukaja. Nikanyanyua kichwa, nikainamisha nikasema, "Saba mara nane, hamsini na sita." Ukaja. Nikainamisha nikawatukana kwelea matusi ambayo siwezi kuyaandika. Ukaja, wenye nguvu ileile. Kisha nikakaa kichwa juu, nimetazama mawingu, nikasali kwa moyo wote, sala zote ninazozijua, na machozi juu yake. Hakuna kitu. Upepo tu kwenye mpunga.

"Kama hukuwa wewe," nikasema kwa sauti, "ulikuwa wapi siku zote hizo?"

Ndege wakatua. Nikarusha donge kwa kombeo nikiwa nimejaa machozi, likaangukia katikati ya mpunga wetu na kuyalaza masuke. Nikarusha jingine. Na jingine. Ndege walikuwa wameshaondoka na mimi bado napiga, nalaza chakula changu mwenyewe, mpaka nilipoishiwa na madonge ndipo nikaona nilichofanya. Nikakumbuka maneno ya Frida juu ya walinzi waliokosea. Sikutaka kukumbuka. Nikaanza kushuka nikaokote madonge mengine.

Mguu haukuwepo. Ndivyo ninavyoweza kueleza. Niliutuma ukanyage kipandio, haukwenda, na wa pili ukalegea kama kitambaa kilicholoa. Niliteremka kwa kuanguka, nikakaa kwenye matope chini ya dungu. Jua lilikuwa limenipiga asubuhi nzima bila mimi kuangalia. Nikatazama mpunga, na jicho la kulia likaanza kujaa moshi, uleule wa mwaka juzi.

Nikapiga kelele. Eustaki alikuja anakimbia, ndala moja mguuni. Alinivuta kwenye kivuli, akavua shati, akalichovya kwenye mfereji akanifunika nalo kichwani, kisha akawa anachota maji kwa debe letu la kuamia na kunimwagia, shingoni, mgongoni, miguuni, debe baada ya debe. Tulikaa hivyo muda mrefu. Polepole moshi ukapungua. Kidole gumba cha mguu kikacheza. Baadaye goti likakunjika.

Hapo ndipo nililia kweli.

"Mbona unalia na miguu imerudi?" Eustaki akauliza.

"Kwa sababu imerudi! Alisema ukipoa itarudi. Yote aliyosema ni kweli, baba Dorika. Hakukosea hata neno moja."

Akakaa karibu yangu kwenye matope. Nikamweleza habari ya Paskalina. Nikamweleza habari ya Baba Yetu na ya saba mara nane. Nikamwambia sijui tena kama niliwahi kusali maishani mwangu au nilikuwa nashtuliwa tu na shingo yangu.

Alifikiri, akikamua shati lake.

"Nikwambie kitu usinicheke?"

"Sema."

"Mimi sijawahi kusikia moto. Tangu ubatizo. Nikisali ni kama naongea na huu mti. Mwaka huu wewe ulipokuwa ukitetemeka pale kwenye jumuiya, mimi nilikuwa nakaa nyuma naona wivu mpaka naumwa tumbo. Nikasema, huyu tunalala kitanda kimoja, yeye anatembelewa, mimi nasikia mbu tu."

"Hukuniambia."

"Ningeanzia wapi?"

"Na bado unakwenda kanisani."

"Nakwenda."

"Kwa nini?"

Akainua mabega. "Sijui. Namwambia habari za siku. Nikimaliza nalala." Kisha akasimama ghafla na kupiga debe, maana kwelea walikuwa wamefunika kona yote ya kaskazini. "Tokeni! Wezi nyie!"

Nilimtazama akikimbia na ndala yake moja. Sikufarijika. Siwezi kusema uongo kwamba nilifarijika. Lakini nilijua nitakachofanya Jumamosi.

Jumamosi jioni tulikaa uani kwa Paskalina, kwenye mikeka na mabenchi, chini ya ukuta uliotupa kivuli. Nililoanisha kanga nikaizungusha shingoni. Mwenyekiti wetu, Mzee Remigius, alisoma Injili kwa sauti yake ya kukwaruza, tukaimba, tukasali rozari. Paskalina alikuwa amevaa gauni la Pasaka. Ilipofika sehemu ya wagonjwa, alisogea katikati kabla hajaitwa, akapiga magoti.

"Mama Dorika," Mzee Remigius akasema, "tusaidie."

Nikaenda. Miguu ilinichukua. Nikaweka mikono kwenye tumbo la rafiki yangu, nikalisikia gumu chini ya kitambaa, nikakaa kichwa juu. Watu wakasali kwa sauti. Nami nikasali, macho kwenye paa la nyumba. Sauti zikapungua. Mtu akakohoa.

"Inama, Konso," Paskalina akanong'ona. "Mbona huinami?"

"Nitainama. Nitazame."

Nikainama. Moto ukashuka, magoti yakaruka, na kabla sijanyanyua kichwa, "Asante Yesu!" ikalipuka uani kote. Paskalina akanishika mikono, uso wake umefunguka kama wa mtoto.

"Hapana," nikasema. "Ngojeni. Jamani, ngojeni. Nitazameni tena." Nikaondoa mikono kwake nikairudisha nyuma ya mgongo. "Saba mara nane," nikasema, nikainama, "hamsini na sita." Magoti yakaruka. Nikanyanyua kichwa. "Saba mara tisa, sitini na tatu." Yakaruka tena.

Mama mmoja nyuma akacheka, akidhani ni mzaha, akanyamaza.

"Ni ugonjwa," nikasema. "Uko shingoni mwangu. Daktari ameniinamisha wiki hii akaupata. Unakuja hata nikiinama kufua soksi za Eustaki. Paska, hautoki juu wala hausemi chochote kuhusu tumbo lako."

Mzee Remigius akafunga kitabu chake. "Mama Dorika. Unataka kutuambia na jicho lile hukuponywa? Tulikesha kwako sisi."

"Kwa heshima yako, mzee wangu. Mlikesha. Jicho lilirudi nikaona. Sijui ni nani alilirudisha, na daktari anasema linaweza kuondoka tena. Ninachokijua ni huu moto. Moto si ishara. Mtu asiamue la kufa na kupona kwa huu moto."

"Maneno haya yanaweza kuwakwaza wadogo."

"Na damu yake je, mzee?"

Mzee alitazama gauni la Paskalina, kisha akatazama chini, na mimi namshukuru mpaka leo kwamba hakusema zaidi.

Paskalina alikuwa amesimama. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga.

"Ungeniambia juzi," akasema. "Nilikaa mlangoni kwako. Ukaniuliza habari ya chai."

"Niliogopa."

"Nilikuwa na kitu kimoja tu, Konso. Kimoja." Akaingia ndani, akafunga mlango. Watu wakakunja mikeka.

Jumapili sikumwona kanisani. Nilivuka njia, nikabisha, mumewe Dionisi akatoka akasema amelala. Nikarudi. Nikavuka tena mchana, nikageuka katikati ya njia. Nilifagia ua mpaka Eustaki akaninyang'anya ufagio. Sikuwa na jibu la kumpa Paskalina, nilikuwa na ukweli tu, na nilianza kuona kwamba ukweli ukimpa mtu bila kumpa na mkono wa kushika, ni kama kumsukuma.

Jumatatu kabla ya jua mlango ulipigwa. Paskalina alikuwa amesimama nje na kikapu, kanga mbili, beseni na chupa ya chai. Hakunisalimia.

"Utanisindikiza au shingo inauma?"

"Nakuja."

"Na usiniombee mpaka niamke. Nimechoka na maombi yako."

"Sawa."

"Unasema sawa, najua utaomba tu."

"Nitaomba kidogo."

Akasonya. Eustaki akampakia yeye, Dionisi akanipakia mimi, na tukaenda hivyo, baiskeli mbili sambamba. Pale hospitalini walipomletea kitanda cha magurudumu alivua viatu akanikabidhi. Alinitazama usoni alipokuwa akinikabidhi. Nilivipokea nikavishika kwa nguvu, wala sikuviweka chini.

Benchi lilikuwa la saruji, baridi asubuhi, na kadiri jua lilivyopanda likawa la moto. Niliilowanisha kanga bombani nikajifunga shingoni. Nikasimama, nikakaa, nikatembea mpaka mwisho wa kibaraza na kurudi na viatu vyangu mkononi, yaani vya Paskalina. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburura. Dionisi aliniambia namchosha macho. Nikakaa.

Kisha nikaanza kusali, kichwa juu, nimetazama mlango. Sikuomba ishara. Nilimwambia habari za siku, kama alivyosema Eustaki. Nikamwambia habari za viatu. Nikamwambia kwamba mimi ni Konsolata, nina ugonjwa usiopona na sijui miguu yangu itafika msimu gani, na naogopa kitanda, naogopa kuogeshwa na Dorika wangu, naogopa mpunga ukiiva nisiweze kuukata. Hayo sikuwa nimemwambia mtu, hata mume wangu. Sikusikia chochote. Ukuta ulikuwa mweupe, na nzi alikuwa anatembea juu yake. Nikaendelea kumwambia.

Mlango ulifunguliwa na Frida akatoka, amevuta kitambaa cha mdomo chini ya kidevu.

"Wa Paskalina?"

Tukasimama wote wawili.

"Ametoka salama. Ameshafumbua macho, anatukana. Anauliza viatu vyake viko wapi."

Dionisi akakaa chini sakafuni. Mimi niliinama kushukuru, bila kufikiri, kama nilivyoinama tangu utoto, na umeme ukaruka kutoka shingoni mpaka visiginoni. Nikausubiri upite. Ulipokwisha, nikaendelea na sala yangu pale nilipokuwa nimeishia, na nilipomaliza nikampelekea viatu.